Kubadilisha Kulanti Iliyosahauliwa Katika Gari Kuukuu: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Mombasa

Kwa kuwa Mombasa haina baridi ya kugandisha maji, wenye magari wengi hapa wameamini kwamba kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ni kitu cha nchi za theluji, na kwamba rejeta ya gari la Pwani hutosheka na maji ya mfereji. Imani hiyo imeziharibu injini nyingi polepole, bila kelele wala moshi, mpaka siku moja gari linachemka kwenye foleni ya feri ya Likoni au likipanda kuelekea Mazeras, na fundi akifungua hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, anakuta njia za maji zimeliwa kama bati la banda la ufuoni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye gari kuukuu, lililokwenda kilomita laki mbili au tatu, ambaye amefungua kifuniko cha rejeta akaona maji ya rangi ya udongo, na sasa anataka kulirekebisha jambo hilo kwa mikono yake bila kulizidisha ubaya.

Nasema bila kulizidisha ubaya kwa sababu nimeshuhudia hilo likitokea. Mjomba wangu aliponiachia Corolla yake ya mwaka 1998, maji ya rejeta yalikuwa mazito na ya kahawia, karibu na uji wa wimbi. Fundi mmoja, ambaye naamini hakuwa na nia mbaya, alitia dawa kali ya kusafishia akaiwasha injini kwa nusu saa. Kutu yote iliyokuwa imetulia ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, ilibanduka kwa pamoja, ikaenda kukwama katika mirija myembamba ya rejeta, na gari likachemka siku ya pili nikiwa katikati ya Daraja la Nyali. Rejeta haikuokoka, na pampu ya maji ilianza kudondosha wiki iyo hiyo. Kwa hiyo utaratibu ninaoueleza hapa ni wa polepole, unachukua siku mbili badala ya saa mbili, na polepole yake ina sababu.

Kazi ya kulanti katika joto letu

Kulanti ni mchanganyiko wa vitu vitatu: maji, kimiminika kiitwacho ethilini glaikoli, na viambato vya kuzuia kutu. Maji ndiyo yanayobeba joto kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Glaikoli huzuia kuganda, jambo lisilotuhusu, lakini pia hupandisha kiwango cha kuchemka, jambo linalotuhusu sana. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 hapa usawa wa bahari. Yakichanganywa nusu kwa nusu na glaikoli huchemka karibu na nyuzi 107, na kifuniko kizima cha rejeta, kwa kulizuia shinikizo lisitoke, hukiongeza kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 15. Anayesafiri kwenda Nairobi hupanda hadi mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako maji matupu yasiyobanwa na kifuniko huchemka kwa nyuzi 94 au 95 tu. Ndiyo maana gari lenye maji matupu na kifuniko kilicholegea linaweza kwenda salama kila siku kati ya Bamburi na mjini, kisha likaanza kutoa mvuke katika safari ya kwanza ya bara.

Lakini kiini cha jambo lenyewe kimo katika viambato vya kuzuia kutu. Injini haikuundwa kwa metali moja: bloku mara nyingi ni chuma cha kusubu, hedi ni alumini, rejeta ni alumini au shaba. Metali hizo zikiunganishwa na kuogeshwa katika maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na iliyo dhaifu kati yake, ambayo kwa kawaida ni alumini, huliwa. Viambato huweka utando mwembamba juu ya metali na kuuzuia mlo huo. Utando huo hutumia viambato, navyo hupungua mwaka hadi mwaka, ilhali glaikoli yenyewe hubaki. Kwa hiyo kulanti inaweza kuwa bado ina rangi yake nzuri na huku kinga yake imekwisha zamani.

Maji ya visima vya kisiwani ni mabaya kuliko mengine yote kwa kazi hii. Mtu aliyewahi kuoga kwa maji hayo akaona sabuni ikikataa kutoa povu, au aliyetazama ndani ya birika akaona ukoko mweupe ulioganda chini, ameshaona kinachotokea ndani ya injini. Kloridi iliyomo katika chumvi huitoboa alumini vijitundu vidogo vidogo, na ukoko wa chokaa hujipaka mahali penye joto kali zaidi, hasa kuzunguka silinda, ukalizuia joto lisitoke. Maji ya mfereji ni afadhali kwa kusuuza, lakini hayafai kuachwa ndani.

Uchunguzi kabla ya kumwaga chochote

Usianze kazi kabla ya kujua kama tatizo ni uchafu peke yake. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha kutilia oili na uchomoe kijiti cha kupimia. Ukiona utelezi mzito wa rangi ya maziwa, au ukiona mafuta yakielea juu ya maji ya rejeta, basi oili na maji vimekutana, na aghalabu gasketi ya hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi na bloku, ndiyo iliyopasuka. Katika hali hiyo kulanti mpya ni fedha iliyotupwa, na gari lipelekwe kwa fundi. Kisha iwashe injini kwa muda mfupi kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, uangalie: mapovu machache mwanzoni si kitu, lakini mapovu yasiyokoma yanayoongezeka unapokanyaga mafuta yanaonyesha kwamba gesi ya silinda inapenya kwenye njia za maji.

Ikiwa hayo yote ni salama, kagua nje. Chini ya pampu ya maji pana kijitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili pampu ikichoka idondoshe hapo. Alama kavu ya rangi ya kijani, nyekundu au nyeupe kuzunguka kijitundu hicho ina maana kwamba pampu iko njiani kufa, na ni busara kuibadilisha katika kazi hii hii. Binya mipira ya rejeta, wa juu na wa chini. Mpira mzima hurudi ukiuachia. Uliolegea kama muhogo uliopikwa, au uliokauka ukawa na nyufa karibu na klipu, ubadilishwe. Tazama pia vichwa vya plastiki vya rejeta. Plastiki nyeusi ikigeuka kahawia na kumomonyoka unapoikwaruza kwa ukucha, rejeta hiyo haina maisha marefu, na yafaa ununue nyingine kwanza ili usitie kulanti mpya ukaimwaga tena baada ya mwezi.

Jambo moja linafaa kusemwa waziwazi. Katika gari lililopuuzwa kwa muda mrefu, uchafu huweza kuwa ndio unaoziba mahali palipotoboka. Ukiusafisha, mvujo ulioko utaonekana. Si kusafisha kulikolitoboa gari, ila mwenye gari ajiandae kwa hilo kifedha na kimoyo, na asiitie rejeta ute wa yai, unga wa manjano wala dawa za kuzibia, kwa sababu vitu hivyo huziba pia mirija mizima.

Vitu vya kutayarisha

Soma kitabu cha gari au ulizia kwa namba ya injini ili ujue mfumo wako unachukua lita ngapi. Magari mengi madogo ya Kijapani huchukua kati ya lita tano na saba. Nunua kulanti isiyochanganywa na maji, kiasi cha nusu ya ujazo huo na lita moja ya ziada. Rangi isikuongoze peke yake, maana kila kiwanda huchagua rangi zake na hakuna sheria inayozilinganisha. Soma lebo uone aina ya viambato na magari iliyokusudiwa. Kulanti ya kijani ya mtindo wa zamani hudumu miaka 2 au kilomita 40,000 hivi, na nyekundu ya Toyota ni vivyo hivyo. Ile ya waridi ya Toyota ya maisha marefu hudumu kilomita 160,000 tangu kiwandani na kilomita 80,000 kila inapobadilishwa baadaye, lakini huuzwa ikiwa imekwisha kuchanganywa na maji, jambo linalobadilisha hesabu ya kujaza kama nitakavyoeleza. Usichanganye aina mbili.

Madukani kuna vibuyu vya bei rahisi ambavyo ndani yake hamna zaidi ya maji yaliyotiwa rangi. Mizani ya jikoni hukusaidia kuvigundua. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya kulanti halisi isiyochanganywa ina takriban kilo 1.11, na iliyochanganywa nusu kwa nusu takriban 1.07. Pima lita moja kamili, utoe uzito wa chombo. Kipimo hiki hakithibitishi ubora wa viambato, lakini rangi tupu huifichua mara moja.

Nunua pia lita 15 za maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri, na uhakikishe umepewa maji na si asidi ya betri, kwa maana vibuyu vyake hufanana. Ongeza themostati mpya (valvu ya maji inayofunguka kwa joto) na pete yake ya mpira, kifuniko kipya cha rejeta chenye namba ile ile ya shinikizo iliyoandikwa kwenye cha zamani, pete ya kizibo cha chini cha rejeta, na klipu mpya za mipira. Vifaa ni vya kawaida: spana, koleo, beseni pana, jagi lenye alama za lita, faneli, glovu, jerikeni tupu mbili au tatu, na jeki pamoja na stendi zake. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kumwaga

Anza asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi kwa sababu yoyote ile. Maji yaliyobanwa humwagika kama mlipuko na kuunguza uso na kifua. Weka kidhibiti cha hita, ambayo hupasha hewa ya ndani ya gari kwa maji ya injini, kwenye moto kabisa, kwa kuwa katika magari mengi ya umri huu valvu ya hita hufunga maji ya zamani ndani isipofunguliwa. Pwani hita haiguswi mwaka mzima, na hiyo ndiyo sababu uchafu hulala humo.

Weka beseni chini ya rejeta, fungua kifuniko cha juu, kisha ulegeze kizibo cha chini kwa vidole. Kizibo hiki ni cha plastiki na kwa umri huu huwa kimekakamaa. Kikigoma usikilazimishe kwa koleo. Legeza badala yake klipu ya mpira wa chini na uuchomoe mpira wenyewe kwa kuuzungusha taratibu. Bloku nayo ina boliti yake ya kumwagia, ambayo kama haijafunguliwa miaka ishirini pengine imeshikana na kutu. Ijaribu kwa nguvu ya wastani; ikikataa iache, kwa sababu boliti iliyokatika ndani ya bloku ni tatizo kubwa kuliko lita mbili za maji machafu.

Pima kwa jagi kiasi kilichotoka na ukiandike. Namba hiyo utaihitaji baadaye.

Kimiminika kilichotoka kina sumu na ladha tamu, na utamu huo huwavuta watoto, mbuzi, na paka tulio nao kila kichochoro cha Mji wa Kale. Kiasi kidogo tu huua paka kwa kuharibu figo zake. Usikiache kwenye beseni unapokwenda kunywa chai, usikitie katika chupa ya soda, na usikimwage kwenye mtaro, maana mitaro yetu huishia baharini, wala kwenye shimo lililo karibu na kisima. Kitie katika jerikeni, andika juu yake kwamba ni sumu, na uulizie gereji inayokusanya oili chakavu kama itakipokea kikiwa kando bila kuchanganywa na oili.

Tangi la akiba la kulanti lichomolewe na kuoshwa peke yake. Tia ngumi moja ya punje za mchele na maji kidogo, lizibe, ulitikise kwa nguvu. Mchele husugua kuta ambazo brashi haifiki.

Kusuuza

Ondoa themostati na urudishe nyumba yake ikiwa tupu, kwa muda wa kusuuza tu. Funga kizibo, jaza maji safi ya mfereji, iwashe injini iende kwa dakika kumi bila kukanyaga mafuta, kisha izime. Sasa subiri. Hapa ndipo wengi huharibu: wanamwaga maji ya moto na kutia maji baridi papo hapo, na hedi ya alumini iliyopata moto ikipozwa ghafla hupinda au hupasuka. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya hedi bila kukitoa, umwage, ujaze tena. Mizunguko mitatu hadi mitano, iliyogawanywa katika siku mbili, hutosha kwa magari mengi. Kila mara chota maji kidogo katika gilasi uyaache yatulie, uangalie kinachobaki chini. Mashapo yakipungua kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, kazi inakwenda vizuri.

Rejeta yenyewe yafaa isuuzwe kinyume na mwendo wake wa kawaida. Chomoa mipira yote miwili, ingiza mpira wa maji wa bustani katika tundu la chini, na uyaache maji yatokee juu kwa nguvu ndogo ya mfereji. Hita isuuzwe vivyo hivyo, kwa upole zaidi. Mashine za shinikizo za kuoshea magari na bunduki za upepo hazina nafasi hapa. Hupasua mishono iliyozeeka.

Kuhusu dawa za kusafishia, rai yangu ni kwamba zisitumike katika mara ya kwanza kwenye gari lililopuuzwa. Maji safi na subira huondoa kile kilicho tayari kutoka, nacho ndicho pekee unachotaka kitoke kwa sasa. Vitu vya jikoni na vya kufulia viepukwe kabisa: magadi huila alumini, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ina klorini, sabuni ya unga huacha povu lisilokwisha, na siki ikibaki ndani huendelea kula metali. Baada ya mzunguko wa tano, kama maji bado yana wekundu kidogo, acha. Jaza kulanti mpya, tumia gari kwa miezi mitatu au kilomita 5,000 hivi, kisha umwage na kujaza upya. Hakuna aibu katika kuifanya kazi hii mara mbili, na mara ya pili ndiyo itakayotoa uchafu uliolainishwa na ile kulanti ya kwanza.

Mzunguko wa mwisho kabisa uwe wa maji yaliyokenekwa, ili yale yatakayobaki ndani ya bloku yasiwe na chumvi.

Themostati irudishwe

Mafundi wengi wa Pwani huitoa themostati na kuitupa, wakisema kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Ninaomba mwenye gari alikatae jambo hili. Themostati ni mlango unaofunguka wenyewe, katika injini nyingi za Toyota kwa nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini katika joto lililokusudiwa na kuiweka hapo. Isipokuwepo, injini hukaa baridi mno barabarani, petroli hutumika zaidi, na unyevu hauvukizwi kutoka kwenye oili. Lililo kubwa zaidi ni kwamba katika injini nyingi themostati ina kisahani cha pili nyuma yake, ambacho hufunga njia ya mkato wakati mlango mkuu unapofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka na kurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta. Kwa hiyo gari lililotolewa themostati ili lisichemke laweza kuchemka kwa sababu hiyo hiyo.

Ijaribu mpya kabla ya kuifunga. Itumbukize katika sufuria ya maji iliyo jikoni, uitazame ikifunguka kabla maji hayajachemka na kujifunga ikitolewa. Kama ina kipini kidogo kinachocheza, kipini hicho kiwe upande wa juu ili hewa ipite, isipokuwa kitabu cha gari lako kimesema vingine. Safisha uso wa nyumba yake, weka pete mpya, na ukaze boliti kwa zamu na kwa kiasi, kwani zimeshikilia alumini.

Papo hapo angalia nyaya za feni. Kama fundi aliyetangulia ameiunganisha moja kwa moja ili izunguke muda wote, kuna sensa au relei iliyokufa ambayo haikubadilishwa, na gari halitakuonya siku feni itakapochoka.

Hesabu ya kujaza

Chukua mfano wa mfumo wa lita 6. Nusu yake ni lita 3 za kulanti isiyochanganywa. Lakini bloku na hita havimwagiki vyote. Tuseme ulipopima zilitoka lita 4 tu, maana yake lita 2 za maji ya kusuuzia bado zimo ndani. Ukijaza lita 4 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, utakuwa umetia lita 2 tu za kulanti halisi katika lita 6, yaani theluthi moja, na kinga ya kutu itapungua kwa kiasi hicho. Njia iliyo sahihi ni kutia kwanza lita 3 kamili za isiyochanganywa, kisha kumalizia kwa maji yaliyokenekwa mpaka mfumo ujae. Anayependa kutumia iliyochanganywa tayari hana budi kuisuuza injini mara ya mwisho kwa hiyo hiyo kulanti, na gharama hupanda.

Usizidishe pia. Kulanti ikipita asilimia 60 hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko wa nusu, hivyo anayetia kulanti tupu akidhani anaipa injini yake heshima huifanya ipate moto zaidi.

Kutoa hewa

Hewa iliyonaswa ndani ya hedi hufanya sehemu moja iungue huku geji ikionyesha salama. Egesha gari pua yake ikiwa juu kidogo, hita ikiwa bado kwenye moto, na ujaze polepole kwa faneli huku ukibinyabinya mpira wa juu. Kiwango kikitulia, iwashe injini kifuniko kikiwa wazi na kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Feni ya umeme huanza yenyewe bila kuarifu, kwa hiyo vua saa na pete, na aliyevaa kanzu, leso au mtandio aubane mbali na boneti.

Kwa dakika kumi au kumi na tano za mwanzo mpira wa chini utakuwa baridi. Themostati itakapofunguka utapata joto, kiwango ndani ya rejeta kitashuka ghafla, na mapovu makubwa yatatoka. Ongeza kulanti iliyochanganywa, si maji matupu. Endelea mpaka feni iwake na kuzima mara mbili na mapovu yakome. Hewa inayotoka katika matundu ya hita inapaswa kuwa ya moto. Ikiwa ya uvuguvugu, bado pana hewa ndani. Magari yasiyo na kifuniko juu ya rejeta, ambayo hujazwa kwenye tangi la shinikizo, mengi yana skurubu maalumu ya kutolea hewa iliyo mahali pa juu katika mipira. Funga kifuniko kipya, jaza tangi la akiba hadi alama ya juu, na uzime.

Siku zinazofuata

Asubuhi ya pili, gari likiwa baridi, fungua rejeta. Inapaswa kuwa imejaa hadi shingoni, na tangi la akiba limeshuka kidogo. Ikiwa rejeta imepungua na tangi limejaa kupita kiasi, kifuniko hakirudishi maji, na mpira wa juu ukiukuta umenyong'onyea kwa ndani sababu ni hiyo hiyo. Safari ya kwanza iwe fupi na karibu na nyumbani. Jaribio la kweli ni saa za jioni katika foleni, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, wakati wa joto la kaskazi, na geji ikikaa mahali pamoja hapo, mfumo uko sawa. Usilipeleke gari bara kabla halijamaliza wiki mbili bila kupungua maji.

Katika wiki hizo kagua kila asubuhi kijitundu cha pampu, viungo vya mipira, sakafu mahali gari linapolala, na zulia la miguu upande wa abiria, ambako hita iliyotoboka huacha unyevunyevu wenye harufu tamu. Klipu mpya hulegea kidogo mpira unapojizoesha. Zikaze mara moja baada ya siku ya tatu, injini ikiwa baridi.

Mwisho, andika katika kipande cha karatasi tarehe, kilomita, aina ya kulanti na kiasi cha mchanganyiko, ukifunike kwa utepe wa plastiki unaopenya mwanga na kukibandika chini ya boneti karibu na rejeta, pamoja na maneno haya: usiongeze maji. Nyuma ya kiti weka kibuyu cha lita moja ya mchanganyiko ule ule, ili yeyote atakayefungua boneti barabarani awe na kitu sahihi cha kutia.